Matembezi ya Asubuhi ya Mzee Melchior Musoni

Tangu Ijumaa ya wiki iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi inapita hapa Juru bila fimbo ya Mzee Melchior Musoni kugonga mawe ya njia. Mbwa hawana wa kumbwekea.

Melchior alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Gatara, Kayanza, nchini Burundi. Alisoma kwa mapadri hadi darasa la sita, akaacha shule baba yake alipofariki. Kwa miaka thelathini aliosha na kuanika kahawa. Alikuwa akiuma punje moja tu, akakuambia kama imekauka.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Ancilla. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Alida. Mwaka 2015 walikimbilia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakapewa shamba hapa Juru, wakalima maharage. Alida alihamia Kanada mwaka 2019. Ancilla alifariki mwaka 2021. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na redio.

Mwaka uliofuata, Melchior alizirai shambani. Hospitalini Mbarara walimkuta na sukari na presha. Muuguzi, Bi Hanifah, alimwambia: "Mzee, dawa peke yake hapana. Ukiamka, kunywa maji ya moto kidogo, vikombe viwili. Tembea nusu saa. Chai, sukari weka kando."

"Chai bila sukari? Binti yangu, hiyo ni kuosha sufuria!"

Lakini alitii, kwa sababu Alida alikuwa ameahidi kuja. Kila Jumapili mzee alimwambia kwenye simu: "Nataka unikute nimesimama." Kila alfajiri alijaza vikombe viwili, chake na cha Ancilla, akanywa vyote, kisha akatoka.

Wiki ya kwanza, watu walimwona mzee akienda mbio kuelekea njia ya Base Camp, kunakogawiwa chakula, kabla ya jua. Mkimbizi akiona hivyo hujua kuna foleni ya mgao, naye hufuata. Walipofika kisimani, nyuma yake kulikuwa na watu kumi na saba, kadi mikononi, magunia begani.

"Mzee Melchior, banagawa nini leo?" aliuliza jirani yake, Mama Grâce.

"Hawagawi kitu. Natafuta afya."

"Afya! Si ungesema, nibaki kwa kitanda?"

Walicheka wote, wakarudi. Kesho yake alitembea peke yake, na hivyo kwa miaka mitatu. Sukari ilishuka, mwendo ukarudi. Mwezi wa nne mwaka huu, Alida alikata tiketi.

Tarehe 6 Juni 2025, Melchior alipatwa na kiharusi akiwa amekaa kitandani, anavaa viatu. Mpwa wake Godeberthe alimkuta akiwa na kimoja mguuni. Alipelekwa Mbarara, akafariki Jumatano tarehe 11 Juni, saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Ameacha binti yake Alida, mkwe wake Aimable, mjukuu wake Inès ambaye babu hakuwahi kumbeba, na mpwa wake Godeberthe. Tiketi ya Alida ni ya tarehe 9 Agosti, haikuwezekana kuibadilisha. Leo anasikiliza kwenye simu.

Mungu ampokee, ampe pa kupumzika.

Mzee Melchior analazwa leo, Jumamosi tarehe 14 Juni, katika makaburi ya Juru, safu ya tatu, kulia kwa mke wake.