Siku ya Tatu ya Kumchunguza Kinyozi

Benchi la kijiwe liko nje ya duka la Fundi Cherehani. Jumatano zahanati ilianza kuchanja watoto na watu wazima dhidi ya homa ya uti wa mgongo. Kijiwe kikaamua mmoja atangulie, wengine wamchunguze siku tatu, ndipo wapeleke familia zao. Alichaguliwa Kinyozi, kwa sababu wakati wa kuchagua hakuwepo. Leo ni Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Chanjo inaishia leo saa kumi. Binti wa Fundi anaingia bweni kesho.

Mwenyekiti wa uchunguzi ni Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani, mara moja.

— Geuza shingo, Wakili akamwambia Kinyozi.

— Kulia inakwenda. Kushoto inagoma.

— Mmeona? Ugonjwa wa shingo, dawa ya shingo, shingo imegoma. Kesi imekwisha.

— Kaka, shingo hii inagoma tangu nianze kunyoa. Nainamia vichwa vya watu kutwa. Sindano iliniuma mkono siku moja, basi.

— Huwezi kujitolea ushahidi mwenyewe. Kinyozi hajinyoi.

Muuza kahawa akamimina.

— Ila jana alifungwa drafti mara nne.

— Si nafungwa siku zote?

— Zamani ulifungwa kwa akili. Jana ulifungwa hivihivi.

Fundi alikuwa na sketi ya shule mapajani, anaitia pindo kwa mkono.

— Jamani, nipeni jibu. Mama wa binti yangu alitaka kumpeleka tangu Jumatano, nikamwambia asubiri majibu ya kijiwe.

— Mwenda pole hajikwai, Wakili akasema. Tumwongeze Kinyozi siku saba.

— Wanafunga saa kumi!

— Hapo ndipo penye jambo. Jiulize, dawa ile inakaa wapi? Kwenye barafu. Ikiingia mwilini inagandisha uti wa mgongo. Mtu aliyeganda habishani. Asiyebishana hakai kijiweni. Fundi, hawa wanataka kufuta vijiwe.

Muuza kahawa akaweka buli chini.

— Vyote?

— Wataanza na hiki.

Kinyozi akanyoosha kikombe aongezewe.

— Mbona mimi nimeganda na bado nabishana?

— Hujaganda vizuri.

Hapo akafika mwanamke mwenye mfuko mkubwa. Ni matroni wa bweni la wasichana, amefuata mashuka aliyoleta yatiwe pindo.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

Hakukaa. Fundi akamtolea mashuka, wakayahesabu pamoja. Arobaini.

— Muhula uliopita yalikuwa thelathini na tisa, Fundi akasema akiketi tena na sketi.

— Kitanda kimoja kilibaki kitupu. Mwenyewe alilalamikia kichwa jioni. Asubuhi shingo imekakamaa, ana homa kali. Jioni ya pili tukamzika. Kesho kitanda kinapata mgeni, kidato cha kwanza.

Sindano ya Fundi ikasimama katikati ya pindo.

— Mgeni huyo ni binti yangu.

— Ahaa, hongera, baba. Kachanjwa?

Fundi akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama kikombe chake. Muuza kahawa alikuwa anafuta buli lililokuwa safi.

— Ingefaa apate mapema, Matroni akasema, mwili unahitaji siku kadhaa kujenga kinga. Lakini leo ni leo.

Fundi akainuka, sketi ikaanguka.

— Mama nanihii! Mtoto yuko wapi?

Mlango wa nyuma wa duka ukafunguka kabla hajamaliza. Mkewe akatoka na binti, kadi ya kliniki mkononi. Wote wawili walikuwa wamevaa viatu.

— Tangu asubuhi tumekaa tayari, mke akasema. Tunasubiri majibu yenu.

Wakaondoka watatu, Fundi mbele, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Zahanati iko upande wa kushoto, mwendo wa dakika kumi. Saa ilikuwa kumi kasorobo. Benchi zima likageuka kuwatazama mpaka wakakata kona.

Wakili ndiye aliyeona kwanza.

— Kinyozi. Umegeuka kushoto.