Swali la Sharofat Kabla ya Mfungo

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kidonge cha kutuliza wasiwasi huiondoa hofu, na kwamba hofu ikishaondoka, kidonge kinaweza kutupwa siku yoyote. Muuguzi Sharofat Nazirova ametumia miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la dawa la kliniki yetu hapa Khujand akilipinga kosa hilo. Anastaafu Ijumaa hii, wiki mbili kabla ya Ramadhani.

Alipoanza kazi, Apa, yaani dada mkubwa, kama tunavyomwita sote, alikuwa mcheshi asiyetulia. Aliwaeleza wagonjwa kwa mfano wa nyumbani: hofu ni mbwa wa zamu ndani ya ubongo. Akibweka, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za mfadhaiko, moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa. Kidonge humtuliza mbwa, nazo tezi zikapumzika. Lakini mbwa hajafa. Ubongo ukishazoea kutulizwa kila siku, ukanyimwa ghafla, mbwa huamka na kubweka kuliko mwanzo. Ndiyo maana dawa hizi hupunguzwa polepole, tena na daktari.

Mfano huo aliujua vizuri kabla haujamfika nyumbani. Mdogo wake Nosir alikuwa dereva wa basi la kwenda mji wa Dushanbe. Majira fulani ya baridi, theluji iliporomoka mbele ya basi lake mlimani, na tangu hapo mikono ikawa inamtetemeka kwenye usukani. Vidonge vilimrudisha kazini. Ramadhani ilipoingia akaviacha vyote kwa mpigo, maana aliona aibu kufunga huku anameza dawa, kana kwamba imani yake haitoshi kumtuliza. Hakumwambia mtu. Siku ya kwanza alifuturu kwa dada yake, akamtania kuhusu sambusa.

"Dada, unga huu ungeweza kujengea ukuta."

"Kula ukuta wako unyamaze."

Sharofat aliuona mkono wake ukitetemeka juu ya bakuli. Akadhani ni njaa. Siku ya tatu asubuhi Nosir alianguka kifafa kwenye kituo cha mabasi, na hakuamka tena.

Apa alirudi dirishani baada ya arobaini. Ucheshi ulirudi pia, ila umepungua. Na kila mwaka, Shaabani ikiingia, hakumpa mtu dawa bila kumuuliza kwanza: "Umepanga nini na vidonge vyako mfungo ukifika?" Foleni ililalamika. Aliiacha ilalamike.

Mwaka jana mzee Qobil, fundi viatu, alimjibu kwa ukali kidogo.

"Mimi na Mungu wangu tumeshaelewana, binti."

"Vizuri, Baba. Sasa na daktari tumkaribishe kikaoni."

Mzee akacheka, akakaa. Mimi, daktari mwenyewe, nikapanga dozi yake upya, moja wakati wa futari, nyingine wakati wa daku. Kwa wengine haiwezekani kupanga hivyo, na mgonjwa ana ruhusa ya kula. Apa alilisema hilo kwa sauti ya chini, kwa namna ambayo hakuna aliyeondoka na aibu. Qobil bado anashona viatu.

Tumemwandalia joho na mkate wa tanuri, kama ilivyo desturi yetu ya kumuaga mtu. Alipojaribishwa joho hilo jana alitazama dirisha lake, akauliza jambo moja tu: "Shaabani hii nani atauliza?"

Apa, tunakushukuru kwa wote waliorudi nyumbani wazima bila kujua kwamba ulikuwa unamlilia mmoja. Mikono yako ipumzike, na sambusa zako zipate walaji wenye kelele.

Nasi tunaobaki: leo, kabla hatujafunga dirisha, tumuulize mgonjwa wa mwisho amepanga nini na vidonge vyake mfungo ukifika.