Panya wa Maabara na Binti wa Fundi Sare

Benchi lile lilibanwa kati ya kibanda cha kinyozi na duka la fundi cherehani, na kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, mashauri ya dunia nzima yalikatwa pale. Siku hiyo Fundi Sare, aliyeitwa hivyo kwa kuwa nusu ya wanafunzi wa mtaa walivaa alichokishona yeye, alikaa na barua mkononi. Binti yake, mwaka wa pili chuoni, alikuwa amechaguliwa kwenye mafunzo ya utafiti wa afya: wiki kumi, likizo ndefu yote. Alitaka jibu la baba kabla ya mchana. Sasa, likizo ndefu ndiyo msimu wa sare, na vifungo vyote vya msimu hushonwa na binti. Hilo Fundi aliona haya kulisema. Akasema jingine.

— Utafiti, utafiti. Wa nini hasa?

— Hapo ndipo penye mtego, alisema Mkasi, yule kinyozi. Mtu akikuficha jina la kitu, jua kina meno.

— Si barua hiyo? Soma, alisema Mama Kahawa, muuzaji wao, akimimina.

— Imeandikwa "afya ya jamii".

— Jamii ni sisi! alidakia Daktari. Huyu alikuwa fundi viatu. Udaktari wake aliupata kwa kusoma zile karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, mpaka mstari wa mwisho wa madhara. — Watamtuma binti aje atutoe damu. Leo tone, kesho tone. Haba na haba hujaza kibaba!

— Damu yako waipeleke wapi, nayo ni kahawa tupu? alisema Mkasi. Wataanza na panya. Binamu yangu alikuwa mfagizi wa maabara. Kule panya ana chumba chake, feni yake, na chakula kwa saa. Mwanafunzi akichelewa, panya anashtaki.

— Anashtaki kwa nani?

— Kwa mkuu wa maabara! Ndiyo maana hawafugi paka. Paka akiondoka, panya hutawala.

Wakacheka, isipokuwa Fundi. Yeye alikuwa akimwona binti yake ndani ya koti jeupe, amemwinamia panya. Koti lenyewe mabega yamepwaya. Aliyelishona hakumpima mtu.

— Panya si kitu, alisema Daktari, akishusha sauti. Shida ni akirudi. Wiki kumi zikiisha, mtoto si wako. Atanawa mikono kila saa. Ukimsalimu, atakutazama ulimi kwanza.

— Na ataolewa na nani? alisema Mkasi. Mwanamume gani atalala na mke anayejua ini lake liko wapi?

— Lako liko wapi? aliuliza Mama Kahawa.

Mkasi akajishika ubavu wa kushoto. Daktari akamcheka, akajishika chini ya kitovu.

— Basi nyote wawili hamna, alisema mama yule. Fundi, hawa waache. Wewe unaogopa nini?

— Naogopa... mambo ya panya.

— Unaogopa vifungo.

Fundi akakunja barua mara mbili, akaikunjua. Kichwani alikuwa na sentensi tayari, aliyoipanga tangu alfajiri: *mwaka huu haiwezekani, mwanangu, labda mwakani*. Alipoinua uso, binti alikuwa amesimama mbele yao na ubao wa kuandikia.

— Shikamooni.

— Marahaba, daktari! waliitikia wote, na fundi viatu naye akaitikia, kisha akakumbuka kwamba daktari ni yeye.

— Jumatatu tunaanza, kwa atakayeruhusiwa, alisema binti, akimtupia baba jicho. Mwalimu anataka tuje na maswali yaliyokwisha kujaribiwa kwa watu. Kushiriki ni hiari yenu, na mtu anaweza kuacha wakati wowote. Naweza?

— Hakuna sindano? aliuliza Mkasi.

— Hakuna.

— Panya?

— Panya wa nini, mjomba? Ni kuuliza tu.

— Uliza! alisema Daktari, akijinyoosha. Mtaka cha mvunguni huinama, na sisi tumekaa!

— Swali la kwanza. Mara ya mwisho kupimwa presha, ilikuwa lini?

Mkasi akachungulia kikombe chake. Daktari akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika cha tatu, akauficha mkono.

— Mimi nilipimwa nikiwa na mimba, alisema Mama Kahawa polepole. Mimba yenyewe sasa ina ndevu.

Binti akangoja, kalamu juu ya karatasi. Hakucheka, wala hakuwasaidia. Fundi alimtazama anavyongoja. Miaka thelathini yeye amepima mikono ya watu; wake mwenyewe haujapimwa presha hata siku moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Andika sijawahi, alisema.

— Kabisa, baba?

— Kabisa.

Binti akaandika. Mkasi alikuwa amepata ghafla kitana cha kusafisha, Daktari kiatu.

— Hiyo Jumatatu, aliuliza Fundi, ni saa ngapi?

— Saa mbili asubuhi.

— Basi usichelewe. Haya, swali la pili.