Mia Mbili Bila Kukwama: Arvil Caudill wa Turkeypen, 1946–2024

Arvil Caudill alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika nyumba ya mbao kwenye kijito cha Turkeypen, mashariki mwa Kentucky, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Ples Caudill na Bibi Zona. Nyumba hiyo haipo tena. Mlima uliokuwa nyuma yake nao haupo. Kampuni ya makaa ya mawe iliukata kichwa mwaka 1988, ikachukua ilichokitaka, ikaacha uwanda wa kokoto ambako hata mbuzi hapati cha kutafuna. Mtu akiuliza marehemu alizaliwa wapi, itabidi aoneshwe hewani.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ya Turkeypen kuanzia mwaka 1952 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1960. Mwalimu wake, Bi Hettie Fugate, alimkamata siku moja wakati wa sala akiwa amekwishaifungua saa ya ukutani.

"Caudill! Umeiua saa ya shule!"

"Hapana, mwalimu. Imekuwa ikichelewa tangu Krismasi. Ndiyo maana tunakula chakula kimepoa."

Alichapwa, kisha akaambiwa aimalizie. Saa ile ilikwenda barabara mpaka shule ilipofungwa. Leo watoto wa bonde hili wanapelekwa kwa basi kwenye shule yenye kompyuta chumba kizima, na ukimpa mmoja wao bisibisi ataigeuzageuza kama anatafuta pa kuiwashia.

Mwaka 1964 aliingia mgodini. Kuanzia 1966 hadi 1968 alikuwa jeshini, kambi moja huko Ujerumani, kazi yake ikiwa kutengeneza bunduki za wenzake. Aliporudi aliingia tena mgodini, akakaa humo hadi 1979, akatoka na kikohozi na barua ya shukrani. Barua hiyo aliitumia kufungia misumari. Mwaka huohuo alifungua karakana ya bunduki katika banda lililo nyuma ya nyumba yake, akapaka mlangoni maneno matatu kwa rangi nyekundu: MWENYE HARAKA APITE.

Wengi mliokaa hapa mlimjua kwa bunduki za kuwindia paa. Lakini kazi aliyoitilia moyo kuliko zote ilikuwa bastola ndogo, zile za kubebwa chini ya nguo. Alisema bastola kubwa inasamehe, ndogo haisamehe. Springi yake ni fupi na ngumu, nafasi ndani ni finyu, na bado inakaa mfukoni pamoja na jasho na nyuzinyuzi za nguo. Kwa hiyo hakumkabidhi mtu bastola mpya mpaka ameizoesha. Kwanza aliifungua yote na kufuta ile grisi ya kiwandani, akisema hiyo imewekwa kwa ajili ya stoo. Halafu aliweka mafuta penye kusuguana tu, tone dogo kwa ncha ya sindano, maana mafuta mengi hukamata vumbi yakawa uji. Kisha zilipigwa risasi mia mbili kwenye tuta la udongo nyuma ya banda. Mia moja alipiga yeye. Mia moja alipiga mwenye bastola, kwa mkono wake mwenyewe, na hamsini za mwisho zilikuwa za aina ileile atakayoibeba. Ikikwama mara moja, hata kama ni risasi ya mia moja tisini na tisa, marehemu alisema neno moja tu: "Moja." Hesabu ilianza upya.

Mliudhika, na wengine mlimtukana. Lakini hakuna bastola iliyotoka kwenye banda lile ikamwangusha mtu.

Mchungaji Estill Napier, atakayetuongoza hivi punde katika sala, alikuwa miongoni mwa waliodhani wanajua. Mwaka 2009 alileta bastola yake akasema imeanza kusitasita. Arvil aliitoa risasi ya juu, akaiinua dirishani.

"Mchungaji, hii umeipandisha chemba mara ngapi?"

"Kila asubuhi. Jioni naishusha, wajukuu wanakuja kula."

"Hii hii?"

"Hii hii. Kwani imechoka?"

"Imezama. Itazame, kichwa kimeingia ndani ya ganda kama kobe. Kila unapoipandisha inagonga mahali palepale. Ukiipiga ilivyo, utafika mbinguni kabla ya waumini wako. Na hiki cheupe mtutuni ni nini?"

Mchungaji aliupapasa mfuko wa koti. "Peremende," akasema.

"Mfuko wa bastola ni wa bastola, mchungaji. Peremende weka kwenye Biblia."

Tangu siku hiyo mchungaji hubadilisha risasi ya juu, na peremende humpa mkewe azishike. Anaruhusiwa kucheka, maana marehemu aliicheka habari hiyo kwa miaka kumi na mitano.

Tarehe 12 Juni 1971 marehemu alimwoa Ocie Slone wa bonde la pili. Bi Ocie ndiye aliyekata shuka kuukuu kuwa vitambaa vya kusafishia mitutu, na ndiye aliyekataza bastola isifunguliwe mezani siku ya maharage na mkate wa mahindi. Walijaliwa mtoto mmoja, Lowell. Bi Ocie alifariki tarehe 3 Oktoba 2016. Arvil aliendelea kukata shuka mwenyewe, vipande vilevile, kwa mkasi wake.

Miaka ya mwisho wateja walimkimbia. Lilijengwa duka kubwa kando ya barabara kuu, na bastola zikawekwa kwenye kabati la kioo jirani na viti vya kuvulia samaki. Kijana wa dukani anakwambia imetoka kiwandani ikiwa tayari, unaitia mfukoni, unakwenda zako. Vijana wa hapa wakaanza kujifunza bunduki kwenye simu, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuwapa mkono. Lowell mwenyewe alimwambia baba yake kwenye meza ya Krismasi, "Baba, siku hizi hakuna anayezoesha bastola. Funga banda, upumzike." Arvil aliendelea kukata nyama yake. Baadaye akasema, "Gari jipya hulikimbizi siku ya kwanza. Lakini kitu cha kuokoa roho yako, hicho unakiamini kwa sababu kimefungwa kwenye plastiki."

Ugonjwa wa mapafu ya makaa ulimkamata kabisa mwaka 2021. Alipewa mtungi wa oksijeni na mpira wa puani. Daktari alimkataza baridi. Yote hayo aliyafuata, mpaka Februari hii.

Hapa yasemwe yaliyotokea kama yalivyotokea, kwa sababu tangu Jumanne kuna minong'ono, na wanaonong'ona wamekaa kwenye viti hivi na programu hii mikononi.

Tressa, binti wa Denzil Caudill, mdogo wa marehemu, ni muuguzi anayewatembelea wagonjwa majumbani mwao. Kila mmoja wenu ana mama au shangazi aliyefungwa kidonda na Tressa. Miaka minne iliyopita aliyekuwa mumewe alimvunja taya na kifundo cha mkono wa kulia. Ijumaa tarehe 2 Februari mtu huyo alitoka gerezani, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kumpigia simu dada yake kumuuliza Tressa hupita barabara gani. Karatasi ya mahakama ya kumkataza kumsogelea ipo. Karatasi haina miguu ya kupanda Turkeypen.

Siku hiyohiyo Denzil alikwenda kwenye duka la barabara kuu, akanunua bastola ndogo, akampa binti yake ikiwa bado na harufu ya boksi. Akamwambia, "Tia mfukoni, mwanangu, uende kazini." Ameishi miaka sabini na minne jirani na fundi Arvil, akafanya kosa la kijana wa dukani. Denzil ndiye anayeyasoma maneno haya, na hakuna mwingine wa kulaumiwa kwa hilo.

Tressa akapita kwa baba yake mkubwa kumjulia hali. Arvil aliliona pindo la koti likining'inia.

"Una nini hapo, binti?"

"Ya baba. Mpya."

"Imepigwa?"

"Bado, baba mkubwa. Kijana wa dukani kasema..."

"Kijana wa dukani hatakuwa nawe siku hiyo. Ilete."

Alimpa bastola yake mwenyewe, ya silinda inayozunguka, akae nayo kwa muda, ingawa kifyatulio chake kilikuwa kigumu na ilimbidi Tressa atumie mikono yote miwili. Akaifungua ile mpya mezani. Jumatatu wakaanza. Oksijeni na baruti havikai pamoja, kwa hiyo marehemu aliuacha mtungi jikoni. Alipiga risasi kumi, akarudi ndani kuvuta pumzi, akatoka, akapiga kumi nyingine. Alimaliza mia yake kwa siku tatu. Tressa akapokea. Risasi ya mia moja themanini na saba ilikwama, ganda limesimama kwenye tundu la kutokea kama jino bovu.

"Moja," akasema Arvil.

"Baba mkubwa, si kosa la bastola. Ni mkono wangu. Huu uliovunjika unalegea, ndiyo maana sehemu ya juu haikurudi nyuma vizuri."

"Najua."

"Sasa kwa nini tuanze upya? Ungeipiga wewe isingekwama!"

"Atakayekuwa barabarani ni mimi? Mkono aliouvunja yeye ndio utakaoishika. Kwa hiyo bastola itaujifunza mkono huo, na mkono utajifunza bastola. Moja."

Denzil alikuwa amesimama pale. Alimwambia, "Kaka, jionee huruma. Rangi yako imekwisha."

"Denzil, wewe ndiye uliyeleta boksi. Nyamaza uhesabu."

Alibadilisha springi, akalainisha kwa saa mbili kile kijia risasi inapopandia, akamwagiza Tressa akamue taulo la jikoni lenye maji kila asubuhi na jioni, mara thelathini, mpaka kifundo kianze kuuma. Wakaanza tena moja. Barafu ilikuwa inaning'inia pembeni mwa banda. Jumamosi tarehe 17 Februari Arvil alikuwa amekwisha kumaliza mia yake, na Tressa alikuwa amefika mia moja sitini na tatu, bila kukwama hata moja, ndani ya zile hamsini za mwisho. Arvil alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisema, "Sasa inasikika inavyotakiwa." Kisha akalalia upande wa ukuta.

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 20 Februari 2024, saa nane mchana, akiwa na miaka sabini na saba. Siku ya Jumatatu alifumbua macho mara moja, akamwona Tressa, akauliza, "Ngapi?" Tressa akamwambia mia moja sitini na tatu. Akaonesha vidole kuhesabu zilizobaki, lakini havikutosha.

Kwa hiyo wanaosema Tressa ndiye aliyemwua baba yake mkubwa kwa kumtoa kwenye baridi, waache leo, hapa, kabla jeneza halijashuka. Arvil Caudill aliuawa na miaka kumi na mitatu ya vumbi la makaa, na walioyauza makaa hayo hawakuleta hata ua. Hakutolewa na mtu. Alitoka mwenyewe. Na yule anayejua mtu aliyemvunja Tressa amelala nyumba ya nani wiki hii, naye hasemi, asije kumwaga udongo.

Marehemu ameacha mwanawe Lowell wa Ohio, wajukuu wawili, Brenna na Garrett, mdogo wake Denzil, na Tressa, aliyemwita binti. Lowell amebandika tangazo kwamba zana za banda zitapigwa mnada Jumatatu. Ni haki yake kwa sheria. Lakini boksi moja halimo kwenye mnada. Liko mezani kwa Arvil chini ya kitambaa cha shuka ya Bi Ocie. Lilikuwa na risasi hamsini, zile za kubebwa. Zimebaki thelathini na saba.

Jeshi lilituma barua kwamba lingeweza kuleta vijana wa kupiga risasi za heshima. Familia imekataa kwa adabu. Tukitoka makaburini tutakwenda nyuma ya banda, na Tressa atazipiga zilizobaki kwa mkono wake wa kulia. Denzil atahesabu kwa sauti. Zikifika mia mbili, ataiweka mfukoni, mfuko usio na kitu kingine, na Jumatatu atapanda Turkeypen kuwafunga wagonjwa wenu vidonda. Ikikwama, hata kwenye ya mwisho, atasikika mtu akisema moja, na tutasimama pale kwenye baridi mpaka tumalize.

Maneno ya mlangoni bado yapo. Mwenye haraka apite.

Arvil alale salama, na arudishiwe pumzi zake zote.