Doa Aliomba Mkanda Mara Tatu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mchoraji wa kuta aliyejiita Doa. Mnanijua kwa upole. Leo mnivumilie, nimekasirika.

Jina hilo alipewa na karani wa halmashauri. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba. Alichora uso wa mama yake, mfua nguo, kwenye ukuta wa soko. Karani akamkuta, akamtupia brashi ya waya. "Futa doa lako." Alisugua kutwa nzima mpaka vidole vikatoka damu. Kesho yake akaurudia uso ule ule, mkubwa zaidi, na chini akatia sahihi: Doa.

Kaka yake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ndiye aliyempa skeitibodi ya kwanza, ule ubao wenye magurudumu. Doa akaupaka rangi upande wa chini, unaoonekana mtu akiruka tu. Vijana wanaoteleza kwenye uwanja wa saruji wakampelekea na mbao zao.

"Aliniambia, 'Kaka, ukutani watu wanaipita picha. Hapa picha ndiyo inayowapita watu,'" anasema kaka yake.

Mbao hizo ndizo zilizomfikisha kwenye majumba ya sanaa. Waliomwita mchafuzi wakaanza kumwita binti yetu. Siku ya maonyesho ya kwanza, mlinzi alimwelekeza mama yake Doa mlango wa wafagizi. Nyuma ya mlinzi huyo, ukutani, ulitundikwa uso wa mama huyo huyo. Doa akamshika mama mkono, wakapita mlango wa mbele.

Mwezi uliopita, jumba moja lilimwita achore ukuta wake wa nje, ghorofa ya nne. Doa aliomba mkanda wa usalama. Aliomba mara tatu. Mara ya tatu kaka yake alikuwepo, akasikia msimamizi wa kazi hiyo akijibu:

"Wewe si umezoea kuparamia kuta za watu? Leo unaogopa nini?"

Kaka alimsihi ashuke. Doa akasema, "Nikishuka watasema sisi wa mitaani hatuna nidhamu ya kazi." Akazidi kupanda.

Jumatano asubuhi ubao wa jukwaa alilosimamia kuchora ukachomoka. Doa akaanguka, akafa pale pale. Miaka thelathini na mmoja. Wakubwa wa jumba wakatoa taarifa: ajali ya kusikitisha. Narudia, asikose kusikia mtu. Aliomba mkanda mara tatu.

Msibani, msimamizi alileta shada la maua linalobebwa na watu wawili. Mama alilitazama, akamwambia polepole, "Baba, rudi nalo. Maua tungechuma wenyewe."

Mama yetu, kaka yetu, na ninyi vijana wa uwanja wa saruji, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu yuko juu sasa hivi kwa kazi yako, acha redio. Toka nje, umtazame kiunoni. Kama hana mkanda, mshushe.