Korongo Ambalo Halikuwamo Kwenye Hotuba Yangu

Mbukwenyi, mama zangu. Wakubwa shikamooni, na nyie wadogo zangu marahaba, nimeitikia kabla hamjasalimia. Nimeombwa niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Sitamtaja mtu, ila anayejijua atacheka mwenyewe.

Shida ya chama chetu mnaijua. Uchaguzi wa vitongoji ukifika tunahangaika kutafuta mgombea. Kule kwetu Makutupora tulizoea kuazima. Safari moja alikuja fundi wa kuchomelea mageti kutoka Kizota, kijana mzuri, akapanga chumba kwetu. Wazee wakamuuliza shamba lake liko wapi, akawaonyesha chumba alichopanga. Tukashindwa. Uchaguzi uliofuata katibu wetu akanifuata mimi: "Dada, safari hii tukikosa mtu wa hapa hapa, bora tufunge tawi." Nikakubali.

Ndugu zangu, nawaambia, niliiga wanasiasa wakubwa. Gari la matangazo, muziki, sare mpya. Nikapanda juu ya kreti la soda karibu na duka, nikahutubia kuhusu katiba na uchumi wa taifa. Na mwezi ule watu wote wako kwenye kupogoa mizabibu. Walionisikiliza ni mbuzi na mwenye duka, na mwenye duka naye alikuwa amefunga mlango nusu. Si kwamba watu walinichukia, waliogopa kuonekana. Kwetu ukisimama chini ya bendera ya chama kidogo, hadi jioni kitongoji kizima kinajua.

Nilishindwa vibaya. Chekeni tu, sasa hata mimi nacheka. Lakini wakati ule niliumia sana. Shemeji yangu mkubwa alisema mbele ya wageni kwamba nimeiaibisha nyumba yao. Shamba nililokuwa naitwa kibarua kila msimu, hawakuniita. Nikaacha vikao, nikaacha hata harusi. Nikiona watu wawili wanaongea nilidhani wananisema mimi. Bendera ya tawi ikachakaa pale mlingotini na hakuna aliyeibadilisha.

Aliyeninyanyua ni mama mkwe wangu. Na mama mkwe, mjue, ni mwanachama wa chama kikubwa tangu usichana wake, kadi anaitunza sandukuni pamoja na khanga zake nzuri. Alinikuta nimejilaza mchana kweupe, akaniambia, "Mwanangu, wewe uliwataka watu wasimame wakusikilize. Mwezi wa kupogoa nani ana nafasi ya kusimama? Chukua mkasi twende."

Tukaenda shambani kwake. Majirani walikuwa wamekuja kumsaidia, maana kwetu leo tunapogoa kwako, kesho kwangu. Nyie mnaolima alizeti na mtama huku Chamwino, niwaeleze kidogo. Mizabibu inatambaa kwenye waya, mstari mrefu. Mmoja anapogoa upande huu, mwenzake upande ule, na matawi yako katikati. Mnasikiana vizuri lakini hamtazamani, na anayepita njiani anaona watu wanafanya kazi, basi. Siku ile mama mmoja wa upande wa pili akaniambia taratibu, "Ulitusemea katiba. Mbona korongo hukulisema?"

Mkono wangu ulisimama. Korongo lile linakata barabara yetu. Mvua ikinyesha, lori la mnunuzi halivuki, zabibu zinaozea kwenye makreti. Nimelivuka miaka yote na ndoo kichwani, na kwenye hotuba zangu halikuwamo.

Tangu hapo sikukosa shamba la mtu. Napogoa, nasikiliza, naulizwa, najibu. Watu waliokuwa wakinikwepa dukani walinieleza mambo yao yote kupitia kwenye matawi. Kiangazi kilipofika tukaanza kubeba mawe ya kuweka pale korongoni, wa chama chetu na wa chama kile, na mvua zilizofuata lori likavuka.

Uchaguzi ulipokuja tena, nilimwomba katibu jambo moja tu: asilete gari. Kwenye mkutano mzee mmoja wa chama kikubwa akaniuliza, "Chama chako kidogo. Huko juu nani atakusikiliza?" Nikamjibu, "Mzee, huko juu tutakwenda wote. Mimi wakinifukuza, wewe watakupa kiti." Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Kura zilihesabiwa jioni pale shuleni, zinasomwa kwa sauti. Jina langu likasomwa, likasomwa, likasomwa tena. Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni mama mkwe, amejifunga khanga ya chama chake. Nililia, wala sioni haya kuwaambia. Asubuhi yake shemeji akapiga hodi: "Mwenyekiti yupo?" Nikamwambia yupo, karibu chai.

Namshukuru mama mkwe. Namshukuru katibu, ambaye hakuniacha nilipokuwa sifai kitu. Namshukuru na yule mama wa upande wa pili wa mstari, ambaye hadi leo sijamuuliza kura yake alimpa nani.

Sasa viongozi wetu wa chama wilayani wananipigia simu, wanataka niende kugombea kijiji kingine, ati nina mvuto. Nimekataa. Mgombea tunayemtafuta yuko huko huko tunakokwenda kumtafuta, ana jembe mkononi, na watu wanajua anapokaa. Na humu ukumbini wamo. Wewe uliyeinamisha kichwa sasa hivi ukasema moyoni "si mimi", nilianza hivyo hivyo. Inuka tukuone.