Sura ya Mwizi wa Mbuzi

Gloriose, muuza nyanya wa Nyakabere, alijifanya amelala ndani ya taksi-basi ili asikie vizuri. Mbele yake Ciza, mchoraji, alikuwa amembana Étienne, mwenye kampuni ndogo ya vitabu huko Kimanga.

"Patron, michoro yangu iko mu kitabu cha shule tangu mwaka jana. Malipo iko wapi?"

"Ndugu yangu, iko vita! Barabara imefungwa."

"Ya kupitisha bia yako haikufungwa?"

Gloriose aliuma kitenge asicheke.

Étienne akashusha sauti. "Na weye, sababu gani ulimpa mwizi wa mbuzi wa mu kitabu sura yangu? Mtaa wote wa Rugenge wananizomea."

"Ulisaini kila ukurasa bila kuangalia. Lipa, nitamtia ndevu asifanane na weye."

Gari likasimama kwenye barieri ya kukagua magari. Askari akachungulia, akamkazia macho Étienne. "Hii sura miye nimeiona mahali. Ya mutu mubaya. Shuka!"

Étienne akamvuta Ciza shati. "Ciza, muelezee basi!"

"Hiyo ni kazi mupya, patron," akasema Ciza, akijinyoosha kitini. "Safari hii nalipwa kwanza."

Gloriose akafungua macho yote mawili.